Kubadilisha Nguo kabla ya Kona Baridi

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Noonkopir alikuja kunionyesha buti zake mpya. Yeye na wenzake wa kanisani wanataka kutembea kwa miguu kutoka Magadi mpaka Ngong. Moyo wangu uliruka. Nilipokea moja kwa mikono miwili, nikaipindua, nikainusa.

"Shosho, kwani unanusa viatu?"

"Nanusa gamu, gundi ya soli," nikamwambia. "Lete hiyo ingine."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nikaona kwamba nyinyi watoto mnaweza kuinuka mkateremka kule bondeni bila kujua lolote, na mimi niko hapa nimestaafu, magoti yamegoma, kichwa kimejaa habari za viatu na mahema, na hakuna anayeniuliza. Basi leo nitasema bila kuulizwa.

Nilikuwa mtunza vifaa vya safari za miguu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu miaka ya tisini na miaka kadhaa baadaye, katika stoo ya mabati nyuma ya duka la mbao Kitengela. Nilikuwa nimetoka Bungoma kumfuata mume wangu aliyeajiriwa kiwandani Athi River, nikawa nashona sare za shule kwa cherehani yangu. Siku moja mzee mmoja Mkamba akaniletea hema lililopasuka. Nikalitia kiraka. Kesho yake akarudi nalo, nikadhani amekuja kugomba. Kumbe alitaka kujua kwa nini nilikunja kitambaa mara mbili na kupaka nta ya mshumaa juu ya mshono. Nikamwambia maji huingia kwenye tundu la sindano, hayangoji hema lipasuke.

Akakunja hema lake. "Mama Nekesa, wewe achana na hizi sare. Kuja tufanye kazi."

Huyo ndiye Mzee Mutuku. Kabla ya hapo alikuwa amewabebea wapima mashamba minyororo yao ya kupimia katika Kajiado nzima, na hakukuwa na korongo ambalo hakuwahi kulivuka akiwa na mzigo begani. Alipochoka na wapimaji akaanza biashara ya kuwatembeza watu. Wateja wetu walikuwa watu wa mshahara, makarani, walimu na manesi waliopanga nyumba Kitengela na Rongai, ambao Pasaka ikifika walitaka kunyoosha miguu. Wengi walikuja mikono mitupu, nasi tukawaazima kila kitu, kuanzia buti mpaka kofia.

Vifaa vyenyewe tulivitoa kwenye mitumba, na hapo ndipo nilipata elimu yangu. Mkitaka kunichangamsha hata leo, nipelekeni sokoni robota la viatu likifunguliwa. Mzee alikuwa anaokota buti, anaikunja kwa nguvu mpaka pua iguse kisigino, kisha anapitisha ukucha pale soli inaposhikana na ngozi. Gamu ikichoka huwa inatoa unga, na ina harufu yake, kali kidogo, ya kitu kilichofungiwa kabatini. Buti inaweza kuwa inang'aa na haijawahi kuvaliwa, lakini kama imekaa miaka mingi ndani ya boksi, soli yake itakuaga njiani. Na buti hununuliwa jioni, si asubuhi. Jioni mguu umevimba kwa kazi ya kutwa, na huo ndio mguu utakaotembea nao.

Sweta nazo tulizijaribu kwa kibiriti. Tulichomoa uzi mmoja mdogo pindoni, tukauwasha. Ukinuka nywele zilizoungua, hiyo ni sufu ya kondoo, ichukue upesi kabla mwenye kibanda hajaelewa ulichopata. Ukiyeyuka na kuacha tone jeusi, ni nailoni, mwachie wa kuvaa sebuleni. Sufu ikilowa bado inakupa joto kidogo. Pamba ikilowa inakunyang'anya hata lile ulilokuwa nalo. Suruali ya jinzi iliyolowa sitaki hata kuizungumzia, nina shinikizo la damu.

Mhasibu mmoja alitujia na buti ambazo shemeji yake alimletea kutoka Ulaya. Lo, buti zile. Meno ya soli yalikuwa marefu na kila mtu stooni alizishika kwa zamu. Mzee Mutuku alipopitisha ukucha alitikisa kichwa, lakini mhasibu akasema hizo si za mitumba, na mzee hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Tulitoka Kitengela asubuhi baada ya mvua. Nyinyi mnaujua udongo mweusi wa huku, ule unaoshika kiatu na kukataa kukiachilia. Ulijaa katikati ya yale meno, mhasibu akawa anainua shamba zima kwa kila hatua. Halafu soli ya kulia ikabaki matopeni. Kabla hajamaliza kuishangaa, ya kushoto ikaifuata.

Mzee Mutuku akatoa begini akala za tairi, chini bapa, hazina meno ya kushika matope. Mhasibu akazivaa juu ya soksi, akatembea nazo mpaka Isinya, na jioni akakataa kuzirudisha. Msidhani nawaambia akala zinatosha kila mahali. Kule Magadi, kwenye joto na magadi yanayochoma ngozi, hakuna kinachozishinda. Lakini juu Ngong, upepo na mvua vikikutana, vidole vya miguu ndani ya akala vitakuuliza umevileta kufanya nini. Kila mahali pana kiatu chake, na ustadi wote wa kazi yetu ulikuwa kujua ni wapi pa kuvua hiki na kuvaa kile.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi ya kubadilisha. Njia yetu kubwa ilianzia Magadi, ambako unalala nje ya shuka kwa joto, ikapanda kidogo kidogo mpaka vilima vya Ngong, ambako hata mwezi wa Aprili unaweza kuvaa glovu. Kila mteja alikuwa na mizigo miwili, wa joto na wa baridi. Ule wa baridi ulisafiri kwa pikapu mpaka Oltepesi. Pale tulikaa chini ya mgunga, kila mtu akafungua begi lake mbele ya wote, akatoa vyandarua, kofia pana na fulana nyepesi, akapokea sweta, koti la mvua na soksi nene. Pikapu ikarudi juu kwa barabara na vitu vya joto, nasi tukashika njia za ng'ombe, tukutane nayo Ngong.

Kule kufungua mabegi mbele ya watu kulikuwa raha yangu. Mle ndani nimetoa pasi ya makaa, kitabu cha nyimbo za kanisa cha maandishi makubwa, na kuku mzima wa kukaanga aliyefungwa ndani ya soksi safi za mwenyewe. Kila kitu nilikiinua juu, watu wakapiga kura kibaki au kirudi. Kuku hakurudi.

Sasa niwaambie ya Odhiambo, kwa sababu siku hiyo ilibaki kidogo tu tumpoteze Mzee Mutuku.

Odhiambo alikuwa karani wa kiwanda cha saruji, mtu wa watu, mwenye kicheko cha kumwamsha aliyelala. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kutembea njia yote kama kiongozi wa vifaa. Kabla ya hapo nilikuwa naishia Oltepesi na kurudi na pikapu. Mzee alikuwa ameniambia, "Mwaka huu wewe unatangulia mbele, mimi nakuja nyuma ya watu." Jamani, nilifurahi. Sikulala vizuri wiki nzima kabla ya safari.

Pale Oltepesi jua lilikuwa linawaka na mtu akishika sweta ya sufu anahisi anaadhibiwa. Nilikagua mabegi yote, nikayafunga, nikaenda kuchota maji. Odhiambo akatumia nafasi hiyo. Alifungua begi lake, akatoa koti la mvua na sweta, akavisukuma chini ya kiti cha pikapu, na mahali pake akaweka redio na batri zake, kwa sababu kulikuwa na mechi. Wenzake wawili walimwona wakamuiga, mmoja akaacha koti, mwingine blanketi.

Mmoja wao ndiye alinisimulia baadaye maneno ya Odhiambo. "Baridi ya Kiserian? Mimi nakaa Matasia, bwana. Hiyo baridi tunasalimiana nayo kila asubuhi nikienda job."

Hilo ndilo kosa la watu wetu, na ningependa mlielewe, kwa sababu mtalifanya. Mtu wa Magadi akija Ngong anaogopa, anabeba kila kitu. Mtu wa Matasia au Rongai haogopi, ni kwao. Lakini baridi ya kwao ameijua akitoka kitandani amekunywa chai, anapita nayo hatua chache mpaka kituoni, kisha anakaa kati ya watu na vioo vimefungwa. Hajawahi kukutana nayo akiwa amelowa jasho la siku nzima, mbali na barabara, na hakuna mlango wa kuingilia.

Kesho yake alasiri tulikuwa tumekaribia ukingo wa bonde, chini ya Kona Baridi. Asubuhi ilikuwa nzuri, watu wanaimba, redio ya Odhiambo inakoroma begini. Halafu upepo ukageuka. Wale waliopita pale wanajua kwamba jina halikutungwa na mtu wa mzaha. Mvua ilikuja imelala, inapiga shavu, na kabla hatujafika kwenye mwamba wa kujikinga tulikuwa tumelowa wote, wenye makoti nusu na wasio na makoti kabisa.

Nilisimama chini ya mwamba nikihesabu watu wakiingia. Odhiambo akafika amevaa koti la kijani la Mzee Mutuku. Nikalitambua kwa viraka vyangu mwenyewe.

"Mzee yuko wapi?"

"Anakuja. Alisema yeye hasikii baridi." Meno ya Odhiambo yalikuwa yanagongana. "Nilimkatalia, Mama Nekesa, haki. Akasema nivae."

Mzee alifika akitembea polepole, fulana imemshika mwilini. Nilimwita, akanitazama kana kwamba anajaribu kukumbuka aliniona wapi. Alitaka kufungua mkanda wa begi lake, vidole vikashindwa. Vidole vile, ambavyo vilifunga vifundo gizani. Nikamshika mkono. Hakuwa anatetemeka.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha stooni, akininyooshea glasi ya chai: usimwogope anayetetemeka, mwogope aliyeacha. Anayetetemeka bado mwili wake unapigana.

Niliogopa. Mume wangu yuko Kitengela, pikapu iko Ngong, simu za mkononi bado hazikuwa zimetufikia, na watu wote wananitazama mimi. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshaamua. Tulikuwa tumepita boma moja nyuma kidogo, moshi ukitoka. Nikawaambia wawili wamshike kwapani, tukarudi.

Mwenye boma alikuwa bibi mmoja, mrefu, shanga mpaka mabegani. Nikamsalimia haraka kwa Kimaasai, kama mtu anavyomsalimia nyanya yake, "Takwenya, Koko." Akajibu "Iko," lakini macho yake yalikuwa kwa mzee. Hakuuliza sisi ni nani. Akainua mkono kutuonyesha mlango.

Ndani kulikuwa na giza na joto na moshi. Nikaanza kumvua mzee fulana iliyolowa, kisha nikasita, maana yule alikuwa mtu wa umri wa baba yangu. Koko akaona.

"Huyu ni bwana yako?"

"Hapana, Koko. Ni mwalimu wangu."

"Basi geuka huko. Mimi niko na miaka mingi, hakuna kitu sijaona. Wewe tafuta nguo kavu."

Nikageuka, nikafungua begi la Mzee Mutuku. Kila kitu kilikuwa kimelowa, isipokuwa mfuko mmoja wa plastiki uliofungwa chini kabisa kwa mpira wa baiskeli. Nikaupasua. Ndani kulikuwa na sweta ya sufu ya rangi ya damu ya mzee, nzito, nzuri, na kavu. Nikaitandaza. Ilikuwa sweta ya mwanamke, ya kimo changu.

Sikuwa na wakati wa kufikiri. Nikampa Koko, akamvalisha mzee kwa nguvu, mikono ikaishia kwenye viwiko, tumbo likabaki wazi. Juu yake tukaweka mashuka na ngozi ya ng'ombe. Halafu Koko akaingiza mkono kwenye kizuizi kilichokuwa pembeni ya chumba, akaanza kutoa watoto wa mbuzi, mmoja mmoja, waliokuwa wamelala pale ndani kukwepa mvua. Akampakatia mzee wawili kifuani, mmoja kila upande, mmoja miguuni.

"Hawa ndio moto mzuri," akasema. "Huu ingine inachoma."

Nilikaa nikimsugua mikono kifuani mwangu na kumuomba Mungu kwa Kibukusu, kwa Kiswahili, kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Mtoto mmoja wa mbuzi alikuwa ananyonya pindo la ile sweta. Nje nilimsikia Odhiambo akilia, mtu mzima, hakujificha.

Kisha mzee akaanza kutetemeka. Ilianza kwenye kidevu, ikashuka, mpaka ngozi ya ng'ombe ikawa inacheza na mbuzi wanalalamika. Sijawahi kufurahia kitu hivyo. Nilipiga makofi. Koko naye akacheka, akamwinua kichwa, akamnywesha chai ya maziwa kidogo kidogo.

Baada ya muda mzee alifungua macho, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Mama Nekesa. Hii sweta inanibana."

"Ni ya nani, Mzee?"

"Yako. Mtu akitembea mbele mara ya kwanza anafikiria watu wote, anasahau yeye mwenyewe. Nilisema ukikosa, nitakupatia."

"Ulikuwa na sweta kavu kwa mgongo na unakufa?"

"Haikuwa yangu," akasema, na akalala.

Nilitoka nje nikalia na Odhiambo. Yangu ilikuwa begini mwangu, nilikuwa nimeipakia ya kwanza kabisa. Nilimpenda mzee yule siku hiyo kuliko nilivyoweza kumwambia, na nilimkasirikia vilevile, vyote viwili kwa pamoja.

Koko alitupatia mashuka na mablanketi ya kuwatosha wasio na kitu. Nilipomuuliza atataka nini, kwa kuwa tulibakiwa na madumu na sufuria tu, Odhiambo alisimama kabla sijamaliza, akatoa redio, akampa pamoja na batri. Koko akaizungusha, ikasema, akaiweka sikioni. Hapo alikubali.

Asubuhi kulikucha kweupe, vilima vya Ngong vimeoshwa, vinaita. Mzee Mutuku alikuwa ameamka kabla yetu, amekaa mlangoni na ile sweta fupi, anafunga kamba za buti.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Juu. Kwani wewe unaenda wapi?"

Miaka yote hiyo sikuwahi kumpinga mbele ya wateja. Nikachuchumaa, nikashika ile kamba, nikaifungua.

"Leo unapanda gari ya maziwa. Kijana ya Koko atakupeleka barabarani. Mimi napanda na watu."

Nilidhani atanifokea. Akasema tu, "Mwambie Odhiambo abaki na hiyo koti. Na soksi zako ulizovaa ni nyembamba, badilisha." Nikabadilisha.

Tukapanda. Sitawaeleza Ngong, nendeni wenyewe. Jioni tulishuka mjini miguu ikiwaka, tukamkuta mzee kwenye kioski cha chai, bado amevaa sweta yangu, ametuagizia chapati. Njia ile alikuwa ameipanda tangu enzi za wapimaji, kwenye ukungu na kwenye jua, hata mimi sijui mara ngapi. Akanisogezea kiti karibu yake.

"Haya," akasema. "Niambie juu kulikuwa namna gani."

Nikamwambia yote, upepo, wingu lililotupita chini ya miguu, Nairobi upande mmoja na bonde upande mwingine, naye akasikiliza mpaka chai yake ikapoa, akiniuliza maswali ya mtu ambaye hajawahi kufika.